Rostam Aziz na mtungi wa gesi: yanayosemwa na ukweli wake

"Taifa Gas ni ya serikali." Nimeyasikia haya dukani kwa mangi, na msemaji alikuwa ameshika mtungi wa kilo 6 wenye jina hilo. Jina ndilo linalopoteza watu. Kampuni ni ya Rostam Aziz, mbunge wa zamani wa Igunga kwa tiketi ya CCM, na kabla ya kubatizwa upya iliitwa Mihan Gas.

Mtungi huohuo umebebeshwa uzushi mwingine: eti gesi yake imetoka Mtwara. Gesi ya Mtwara ni methani. Inasafiri kwenye bomba hadi Dar es Salaam ikiwa hewa, na nyingi huishia kwenye mitambo ya umeme. Kuigeuza kimiminika kunataka baridi ya nyuzi 160 hivi chini ya sifuri, kazi isiyowezekana kwenye mtungi wa jikoni. Hii tunayopikia ni propani na butani, na huletwa na meli. Tikisa mtungi uliofika nusu, utasikia kitu kikichezacheza ndani kama maji. Ndiyo yenyewe hiyo: imebanwa mpaka ikawa maji, ukifungua koki inarudi kuwa hewa. Kwa hiyo mwenye biashara hii hahangaiki na visima, anahangaika na bandari na matangi. Februari 2023 Rais Ruto wa Kenya aliweka jiwe la msingi la ghala la Taifa Gas huko Dongo Kundu, Mombasa, la tani 30,000, kwa dola milioni 130.

Basi gesi ndiyo iliyomtajirisha? Hapana. Forbes walipomtaja mwaka 2013 kuwa bilionea wa kwanza wa dola Tanzania, walitazama zaidi hisa zake za Vodacom Tanzania na kazi za ukandarasi migodini.

Wanaomwita mwekezaji wa Iran wanachanganya asili ya ukoo na uraia. Ni Mtanzania, mtu wa Tabora.

Kwenye siasa ndiko maneno yanakovurugika hasa. Wengi hukumbuka kwamba Richmond, sakata la mkataba wa umeme wa dharura, ilimng'oa bungeni. Aliyejiuzulu Februari 2008 kwa sakata lile ni Waziri Mkuu, Edward Lowassa. Rostam alitajwa sana, akakanusha kuwa mmiliki wa Dowans, kampuni iliyorithi mkataba wa Richmond, akabaki na kiti chake, na mwaka 2010 Igunga wakamrudisha. Kwa hiyo hata wanaosema wapiga kura walimchoka hawana pa kushika. Aliondoka mwenyewe Julai 2011, CCM ikiwa katikati ya wimbo wake wa "kujivua gamba", yaani kuwatoa viongozi waliotuhumiwa ufisadi, akasema amechoshwa na "siasa uchwara". Chadema walidhani mlango umefunguka. Oktoba mwaka huohuo, baada ya kampeni kali, kiti kilibaki CCM, kwa Dk. Dalaly Kafumu, aliyekuwa Kamishna wa Madini.