Kanisa la Partrishow: Yasemwayo na Yaliyopo

Jina la Partrishow, ambalo wengine huliandika Patricio, huwafanya wageni wadhani kwamba kanisa hili dogo la mlimani, juu ya bonde la Grwyne Fawr kusini mashariki mwa Wales, ni la Mtakatifu Patrick wa Ireland. Sivyo. Jina hilo limetokana na Merthyr Issui. Neno merthyr katika majina ya kale ya Wales humaanisha mahali alipozikwa au anapoenziwa mtakatifu, na Issui ndiye mtawa ambaye, kwa mujibu wa mapokeo, aliishi kando ya chemchemi iliyo chini ya kanisa akauawa na msafiri aliyemkaribisha.

Wengine huona kiambaza cha mwaloni, yaani kizuizi kinachotenga sehemu ya waumini na ile ya madhabahu kuu, kilichochongwa mnamo mwaka 1500, wakakadiria umri wa kanisa kwa hicho. Birika la ubatizo linawakanusha, kwani ukingoni mwake pana maneno ya Kilatini yasemayo kwamba mtu aitwaye Menhir alilitengeneza katika wakati wa Genillin, ambaye hutambuliwa kuwa mtawala wa karne ya 11.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba Matengenezo ya Kiprotestanti, yaani mageuzi ya kidini ya karne ya 16, hayakufika huku milimani, na ndiyo maana madhabahu mbili za mawe zingali mbele ya kiambaza, ingawa mwaka 1550 serikali iliagiza madhabahu za namna hiyo ziondolewe, na roshani iko palepale juu yake, licha ya amri ya mwaka 1561 ya kuzibomoa. Lakini msalaba mkubwa uliosimama juu ya roshani hiyo haupo tena, na kutani ziliandikwa Amri Kumi na kuchorwa nembo ya kifalme, kama ilivyotakiwa. Amri zilifika, zilitekelezwa nusunusu, na kwa maoni yangu hilo linasisimua kuliko hadithi ya bonde lililosahauliwa.

Si kweli pia kwamba kanisa hili ni la Kanisa la Uingereza. Ni la Kianglikana, lakini Kanisa la Wales limejitegemea tangu mwaka 1920.

Ukitazama boriti ya juu ya kiambaza utaona joka likitafuna mzabibu unaotambaa upana wote wa kanisa. Ni rahisi kulidhania joka la bendera ya Wales, ila la bendera lina miguu minne, na hili, lenye miguu miwili, huelezwa kuwa ni uovu unaoula mzabibu wa Kristo.

Husemwa vilevile kwamba kiunzi cha mifupa kilichochorwa kwenye ukuta wa magharibi, chenye kipimasaa cha mchanga na sepetu, kilipakwa kwa damu ya mtu, ndiyo maana hupenya kila kinapopigwa chokaa. Damu ikikaa ukutani hugeuka kahawia. Wekundu uliotumika sana katika makanisa ya zamani ni wa ngeu, udongo wenye kutu ya chuma, ambao hauchujuki na ambao chokaa nyembamba haiufichi kwa muda mrefu.