Je, wajua? Mfalme wa Ufaransa alimfunga mtu kwa barua, na mara nyingi ndugu wa mfungwa ndio walioiomba

Tarehe 3 Machi 1766, Louis XV wa Ufaransa aliwaambia majaji wa mahakama kuu ya Paris kwamba mamlaka yote ya dola yamo katika nafsi yake peke yake. Bunge la kumbana halikuwepo, na katiba iliyoandikwa haikuwepo. Basi mkulima, fundi viatu au muuza samaki alikuwa na haki yoyote?

Alikuwa nazo, tena si haba. Mkulima aliweza kumiliki shamba na kuwarithisha wanawe. Kijiji kiliweza kumshtaki bwana wake, yaani kabaila mwenye ardhi, katika mahakama za mfalme, na vijiji vya jimbo la Bourgogne vilifanya hivyo katika karne ya 18. Ila nyingi ya haki hizo mtu alizipata kwa mahali alipozaliwa au chama cha mafundi alichokuwamo. Chumvi inaonyesha vizuri. Jimbo la Bretagne, lililounganishwa na Ufaransa mwaka 1532, lilisamehewa kodi ya chumvi. Majirani zao wa Maine na Anjou waliilipa hadi ikawauma, na juu yake kila kaya ililazimishwa kununua kiasi maalumu kutoka ghala la mfalme. Kwa hiyo magendo yalishamiri mpakani, na askari wa kodi walimshuku kila aliyebeba mzigo.

Hata hivyo haki hizo zilikuwa na mahali zilipokomea: barua ya mfalme. Ilikuwa karatasi fupi yenye sahihi ya mfalme, sahihi ya waziri na muhuri. Ilimwambia mkuu wa gereza ampokee fulani na amweke hadi amri nyingine itakapokuja. Haikuhitaji kutaja kosa wala muda wa kifungo, na hakimu hakuhusika. Sisi tungesema mtu amewekwa kizuizini.

Mwaka 1770, mahakama ya kodi ya Paris, chini ya rais wake Malesherbes, ilimwandikia mfalme kulalamikia kisa cha mchuuzi mmoja aliyeitwa Monnerat. Alishukiwa kufanya magendo, akafungwa kwa barua ya mfalme katika gereza la Bicêtre kwa zaidi ya mwaka, sehemu ya muda huo akiwa ndani ya shimo la giza chini ya ardhi. Baadaye ikadhihirika kwamba walimkamata siye. Alipotoka akadai fidia mahakamani, na serikali ikaingilia kati kuizuia kesi. Malesherbes na wenzake walimweleza mfalme kwamba katika nchi yake hakuna mtu mkubwa kiasi cha kuepuka chuki ya waziri, wala mdogo kiasi cha kutofikiwa na chuki ya karani wa kodi. Kwangu mimi, hakuna maneno yaliyoueleza utawala ule vizuri kuliko hayo.

Lakini barua nyingi hazikutokana na siasa. Baba alimwombea mwanawe mlevi, mke alimwombea mume anayempiga na kuuza vyombo vya ndani, wazazi walimwombea binti aliyetoroka na mwanamume wasiyemtaka. Huko Paris hata makabwela walipeleka maombi yao kwa mkuu wa polisi, majirani na padri wakitia sahihi kama mashahidi. Walikwepa aibu ya kesi ya hadharani, nayo serikali ilipata nyumba zilizotulia. Aliyeombewa kifungo hakuwa na mahali pa kukata rufaa.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Ufaransa, na Tamko lake la Haki za Binadamu la Agosti 1789 lilisema mtu asikamatwe ila kwa namna iliyowekwa na sheria. Machi 1790, Bunge la Taifa likazifuta barua hizo. Hata hivyo akina baba hawakuacha kudai njia ya kuwarudi watoto wao. Agosti mwaka huohuo sheria iliunda mabaraza ya familia: kijana aliye chini ya miaka 21 angeweza kufungwa, lakini kifungo kisizidi mwaka mmoja, na uamuzi wa familia usitekelezwe kabla ya kupitiwa na rais wa mahakama ya wilaya.