Kugawana na baki: dhana potofu kuhusu kukadiria

Dhana: Desimali ikiwa chini ya nusu unashusha, ikifika nusu unapandisha, na kazi imekwisha.

Kanuni hiyo ni sahihi pale unapotafuta namba nzima iliyo karibu zaidi, kama kwenye kupima uzito au umbali. Kwenye kugawana, kinachoamua ni kile kinachogawanywa. Wanafunzi 115 wanakwenda ziara, na kila Coaster ina viti 28. Ukigawanya unapata 4.1 na ushee. Ukishusha, magari manne yatabeba 112 na watoto watatu wataachwa getini. Yanatakiwa matano.

Sasa mgeukie fundi cherehani mwenye kitambaa cha mita 20, na kila gauni linakula mita 3. Jibu ni 6.67. Kanuni inasema 7, lakini gauni la saba limepungukiwa mita nzima. Atashona sita, na zile mita 2 zitatosha nguo ya mtoto.

Kosa hili halimpati asiyejua hesabu peke yake. Matokeo ya upimaji wa kitaifa yaliyochapishwa Marekani mwaka 1983 yalihusu swali hili kwa watoto wa miaka 13: askari ni 1,128, basi moja hubeba 36, yatahitajika mabasi mangapi? Takriban asilimia 70 waligawanya vizuri. Hata hivyo, asilimia 29 walijibu "31, baki 12", na asilimia 18 wakajibu 31. Waliofika kwenye 32 ni asilimia 23 tu. Inaniuma, kwa sababu hao waliosema 31 mgawanyo waliuweza. Hakuna aliyewazoesha kurudi kwenye swali na kujiuliza wale askari 12 watapanda nini.

Dhana: Shilingi chache za kukadiria hazina madhara.

Zidisha kwanza ndipo useme. Kamati ya harusi inatafuta 1,000,000 kwa watu 150. Kila mmoja anapaswa kutoa 6,666.67. Mweka hazina akisema "tufanye 6,600, watu wasiumie", zitapatikana 990,000 na pengo la 10,000. Akisema 6,700, zitapatikana 1,005,000, na kamati ina akiba ya 5,000. Mchango hupandishwa.

Gawio la kikundi ni kinyume chake. Mkigawana faida ya 1,000,000 kwa watu haohao 150, mkaandika 6,700 kwa kila mmoja, wa mwisho kwenye foleni hatapata fungu kamili. Hapo mnashusha hadi 6,600, na 10,000 inarudi kwenye mfuko.

Dhana: Baki ni takataka ya hesabu.

Mayai 100 kwenye trei za 30 yanajaza trei tatu. Mteja akiuliza mangapi ya rejareja, jibu lake ni baki: 10.

Dhana: Kila jibu lenye desimali lazima likadiriwe.

Mikate saba kwa watu wanne ni 1.75 kwa kila mtu. Mkate hukatika, kwa hiyo kila mmoja apewe mmoja na robo tatu.