Matembezi ya hisani ya familia: umbali upimwe kwa mguu wa bibi

Ikifika Desemba huwa nazijua simu zinazokuja. Kilimanjaro Marathon inakaribia, watu wako likizo, na kuna baba ambaye pilau la sikukuu limempa wazo: mwakani familia nzima tushuke Moshi, tukimbie, tuchangishe, hela zote ziende kwa watoto wenye shida fulani. Kisha anamtafuta mtu wa kuwaandaa. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, daktari wa viungo kama wagonjwa wangu wanavyopenda kuniita, kwa hiyo simu inaniangukia.

Wazo nalipenda sana. Ninachogombana nacho ni mpango. Baba anachagua umbali anaoutamani yeye, kilomita 21, halafu wengine wanapachikwa humo humo: mama atajitahidi, kijana wa miaka 16 hana neno, binti wa miaka 10 atapewa zile 5, na bibi atakaa chini ya turubai kulinda mabegi. Bibi mmoja wa Kimara aliyaona hayo mapema kuliko wote. Nilipomwamkia, kabla sijakaa vizuri akaniambia, “Marahaba mwanangu. Sasa mimi wananiacha wapi?”

Jibu langu ni kwamba bibi ndiye wa kuanza naye. Aliye dhaifu kuliko wote nyumbani namuuliza anaweza kutembea dakika ngapi leo bila kutafuta pa kukaa, na hizo dakika ndizo zinakuwa msingi wa familia nzima. Umbali mdogo, karibu kila siku, kwa wiki nyingi, wote pamoja. Anayetaka kukimbia zaidi akimbie baadaye kwa muda wake. Wababa hunung’unika hapo. Wanahisi nimewapokonya medali.

Lakini fikiria kinachotokea mwilini. Mtu asiyefanya mazoezi akianza kukimbia, moyo na mapafu huitika upesi. Baada ya wiki chache anapanda kilima bila kuhema na anajiona yuko tayari. Mifupa na kano haviendi kwa kasi hiyo. Vyenyewe vinataka miezi. Pumzi inamruhusu aongeze, muundi unakataa, na ndiyo maana wagonjwa wangu wengi wa mbio hawaji wiki ya kwanza. Wanakuja pale walipoanza kufurahia, wakilalamika maumivu mbele ya mguu au nyuma ya kisigino. Ukitembea, kila hatua mguu unabeba uzito wako na ziada kidogo. Ukikimbia, unabeba mara 2 hadi 3 ya uzito huo. Kwa mtu wa kilo 95 aliyekaa ofisini miaka kumi, tofauti hiyo si ya kupuuza hata kama alikuwa mchezaji shuleni.

Huyo baba wa Kimara nilimsimamisha kwenye ngazi ya barazani, mguu mmoja, vidole tu vikiwa kwenye ukingo, kidole kimoja cha mkono kikigusa ukuta. Panda kwa vidole, shuka taratibu. Mtu mzima anayetaka kukimbia napenda afikishe 20 kwa kila mguu. Wa kulia alikwenda vizuri. Wa kushoto, kufika cha nane, kisigino kikawa hakipandi tena, kiwiliwili ndicho kilichokuwa kinainama mbele ili ionekane anapanda. Binti yake akacheka. Basi nikamgeukia binti, nikakishika kisigino chake pande mbili kwa viganja na kukibana kidogo, akauvuta mguu. Alikuwa akiumia tangu michezo ya shule na hakusema.

Kisigino hicho ni jambo la kawaida kati ya miaka 8 na 14. Mfupa bado unakua, sehemu inayokua ni laini, na kano ya kisigino inaivuta kila anaporuka. Kwa wakubwa kidogo, miaka 10 hadi 15, maumivu kama hayo huja chini ya goti, na mara nyingi utaona kinundu. Hayamwachii mtoto kilema na hupita akikua, ila si ya kumwambia “kaza moyo”. Punguza kuruka na kukimbia, mwache atembee, mtafutie raba yenye kisigino kilichoinuka kidogo. Mtoto akichechemea siku ya pili yake, umbali ulikuwa mkubwa. Hakuna hospitali ya watoto inayotaka hela zilizopatikana hivyo.

Kwa bibi kuna mambo matatu ninayoyaangalia kabla ya mguu wenyewe: vidonge, sukari na jua. Anayemeza atenolol, dawa ya presha, au dawa za kundi lake, mapigo ya moyo hayapandi ipasavyo, kwa hiyo ile saa ya mkononi aliyonunuliwa na mjukuu itasema anapumzika wakati amechoka kabisa. Kipimo chake kiwe maneno. Akiweza kuongea sentensi nzima huku anatembea, mwendo ni sawa. Akianza kujibu neno moja moja, punguzeni. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari atembee baada ya kula, awe na kitu kitamu mfukoni, na miguu ikaguliwe jioni, katikati ya vidole pia, maana ganzi humficha mtu lengelenge. Na kwa Dar, muondoke nyumbani saa kumi na mbili asubuhi kamili. Saa mbili jua limeshawawahi. Daktari anayemtibu bibi aambiwe kabla ya yote haya.

Dakika 30 kwa siku, siku 5 za wiki, zinamfikisha mtu mzima kwenye dakika 150 ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kama kiwango cha chini cha wiki. Watoto wanatakiwa wapate dakika 60 kila siku, lakini zilizobaki watazimaliza wenyewe kwa mpira na rede.

Kuhusu raba, nafupisha: mtumba unafaa kama unajua kuchagua. Iweke juu ya meza uitazame kwa nyuma. Ikiinamia upande, mwenye nayo wa kwanza ameshailaza na itaulaza mguu wako vilevile. Ikunje: inatakiwa ikunjike penye vidole, siyo katikati. Kisha bonyeza kwa dole gumba ile sponji ya kati, juu ya soli. Kama ni ngumu kama mti na imejaa mikunjo, imekufa, hata kama soli ya chini inang’aa. Muuzaji atakuambia ni orijino. Inaweza kuwa orijino na bado ikawa imekufa.

Sasa fedha, maana hapo ndipo wababa wanapodhani nimewaharibia. Wanaamini umbali mkubwa huleta mchango mkubwa. Mfano ninaowapa ni wa Tom Moore wa Uingereza. Mzee huyo alikuwa kapteni katika Vita vya Pili, akapigana Burma, Burma ile ile walikopelekwa wazee wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki enzi za ukoloni. Aprili 2020, corona imefunga kila kitu, yeye akikaribia miaka 100 na anatembelea fremu baada ya kuvunjika nyonga, familia yake ilimwekea lengo: atembee mizunguko 100 ya mita 25 nyumbani kwao Bedfordshire kabla ya siku yake ya kuzaliwa, wachangishe pauni 1,000 kwa ajili ya mifuko ya hisani ya huduma ya afya ya umma, NHS. Piga hesabu: kilomita 2 na nusu. Mtu mwenye afya anazimaliza kwa nusu saa. Alianza tarehe 6, akamaliza tarehe 16, na alipotimiza miaka 100 tarehe 30 michango ilikuwa imepita pauni milioni 32.

Sisemi mtapata mamilioni. Televisheni zilimkuta na nchi ilikuwa imefungiwa ndani ikitafuta habari njema. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyechanga kwa sababu ya urefu wa njia. Walichanga kwa sababu umbali ule ulikuwa mkubwa kwake, na ulikatwa vipande vya siku kadhaa, kila siku watu wakiwa na cha kufuatilia. Juni mwaka huo huo mtoto wa miaka 5, Tony Hudgell, aliyekatwa miguu yote miwili kwa sababu ya majeraha aliyoyapata akiwa mchanga, alitembea kilomita 10 kwa miguu ya bandia, akazigawa mwezi mzima. Lengo lilikuwa pauni 500 kwa hospitali ya watoto ya Evelina London. Zilizidi milioni 1.

Huku kwetu kuna sababu nyingine ya kutandaza siku: mshahara. Ukifanya tukio la siku moja tarehe 14, unawakuta watu wamekauka, wanakutumia emoji za makofi na “tupo pamoja”. Matembezi ya wiki 8 yanapita juu ya mishahara miwili. Picha ya bibi kwenye status ya WhatsApp tarehe 27 ina nguvu kuliko hotuba yoyote. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi analijua hili, na ahadi mnajua kuzifuatilia. Tumieni ujuzi huo huo.

Ila msipokee ahadi za kila kilomita. Huwa nazikataza kabisa. Shangazi akishasema “elfu moja kwa kila kilomita”, mtoto mwenye kisigino kinachouma hatasema kinauma, na baba atakimbia na homa. Ahadi iwe ya wiki: wiki ambayo familia imetoka siku ilizopanga, mchangiaji anatuma alichoahidi, na siku za kupumzika zihesabiwe kuwa zimetimizwa. Mgonjwa aliyebaki nyumbani kwa sababu nzuri naye amefanya zamu yake.

Habari ya mzee Moore ina upande wa pili, na hapo huwa sipiti haraka. Zile fedha za mwanzo zilikwenda kwenye shirika la NHS Charities Together na hazikuwa na tatizo. Baadaye ikaundwa taasisi yenye jina lake. Mamlaka inayosimamia mashirika ya hisani Uingereza ikaichunguza, na katika ripoti ya Novemba 2024 ikasema kulikuwa na mwenendo na usimamizi mbovu uliojirudia, na kwamba familia ilinufaika. Mambo yaliyotajwa ni pamoja na malipo ya vitabu yaliyoingia kampuni ya familia wakati watu waliamini sehemu yake ni ya taasisi, na jengo la nyumbani lililoombewa kibali kwa kutumia jina la taasisi kisha likawekwa bwawa. Jengo lilibomolewa mwanzoni mwa 2024. Familia ilikana kosa na kusema haikutendewa haki. Mimi si hakimu wao. Ninaloliona ni kwamba jina la mzee, fedha za watu na mfuko wa nyumba vilikaa chumba kimoja.

Kwa hiyo hela zisipite kwenye simu ya baba, wala ya mama mwaminifu kuliko wote mtaani. Hospitali au kituo kina akaunti au lipa namba yake. Toeni hiyo, mchangiaji atume moja kwa moja, nyinyi mpelekewe idadi tu. Kabla ya hapo muombe barua yenye mhuri inayosema wanawatambua na fedha zitafanya nini. Kama lazima zikusanywe kwanza, mweka hazina awe mtu asiye wa ukoo. Raba, nauli za Moshi na fulana zenye picha ya bibi lipeni wenyewe, au wambieni watu wazi kwamba zinatoka kwenye mchango, muone watasemaje.

Wanaopenda umati wanaweza kumalizia wiki zao kwenye mbio zilizopo. CRDB Marathon ya Dar, tangu 2020, imekuwa ikichangia upasuaji wa moyo kwa watoto katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, na umbali mfupi upo. Mlima ni habari nyingine. Kili Challenge ya mgodi wa Geita imepandisha watu Kilimanjaro tangu 2002 kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI, na ni kazi nzuri ya watu wazima waliojiandaa. Lakini mita 5,895 hazijali mazoezi yako: aliye fiti na asiye fiti wote wanaweza kuumwa na kimo. Mtoto chini ya miaka 10 haruhusiwi kufika kileleni. Na bibi mmeshamwacha getini.

Mkiniuliza mchangie nini, nina upendeleo wa kazi yangu. Kuna watoto wanaozaliwa na nyayo zilizopindia ndani, mguu kifundo. Tiba ipo na haihitaji upasuaji mkubwa: mguu unanyooshwa kwa mkono na kufungwa plasta, inabadilishwa kila wiki, kwa kawaida mara 5 au 6, mara nyingi kano ya kisigino inakatwa kidogo, halafu mtoto anavaa viatu vilivyounganishwa na kijiti, karibu saa zote kwa miezi 3 ya kwanza, kisha usiku mpaka afike miaka 4 hivi. Plasta si ghali. Kinachowashinda wazazi ni nauli ya kila wiki, mama na mtoto, kutoka kijijini, kwa wiki zote hizo. Wiki ya tatu au ya nne hawaonekani tena na mguu unarudi ulivyokuwa. Ni fedha ndogo ndogo zinazohitajika kila wiki kwa muda mrefu, yaani zile zile ambazo familia inayotembea dakika 30 inaweza kuzileta. Nendeni kitengo cha fiziotherapia cha hospitali yenu ya mkoa, mwamkieni mkuu wa kitengo, mmuulize watoto walioacha njiani wanatoka kata gani na nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi ngapi. Hapo ndipo mtajua mtembee wiki ngapi.