Joto la nyumba yako linaingia kwa juu

Mteja anayejenga Tororo, Busia au Mbale, huku mashariki mwa Uganda, huniuliza kwanza geji ya bati, ile namba ya unene wake. "Fundi, niweke 28 au 30?" Akisharidhika na geji anaenda dukani kuchagua rangi, na rangi anaichagua kwa kutazama nyumba ya jirani. Jirani naye alitazama ya jirani yake. Mtaa mzima unaishia kuwa na mapaa ya marooni, kahawia na kijivu cha mkaa, halafu saa nane mchana watu wote wamehamia chini ya mwembe.

Geji ni swali la maana ukizungumzia upepo, mvua ya mawe na kutu. Namba ikipanda bati linapungua unene, kwa hiyo 32 ni jembamba kuliko 28, na kwenye vilima vinavyopigwa na dhoruba mimi sishuki 28. Kwa joto, hata hivyo, geji haisaidii kitu. Chuma kinapitisha joto upesi sana, na unene tunaobishania ni sehemu ndogo ya milimita. Weka 28 upande mmoja na 32 upande wa pili, rangi moja, dari moja: vyumba vyote viwili vitakuwa na joto lile lile. Kinacholeta tofauti ni rangi ya juu, hewa iliyo chini ya bati, na dari. Nazitaja kwa mpangilio huo makusudi, kwa sababu ndio mpangilio wa kutumia pesa.

Nchi yetu imekatwa na Ikweta, ile unayoivuka barabara ya Masaka pale Kayabwe. Kwa mjenzi maana yake ni kwamba saa sita mchana jua liko karibu na utosi mwaka mzima. Juni linaegemea kaskazini, Desemba linaegemea kusini, lakini haliendi mbali. Ukuta unapata jua la ubavuni asubuhi na jioni. Paa linapata lile kali. Anga likiwa safi, kila mita ya mraba inayotazama juu hupokea karibu wati 1,000. Chukua nyumba ndogo yenye paa la mita 60 za mraba. Rangi nyeusi-nyeusi kama marooni hunyonya takribani robo tatu ya nguvu hiyo, yaani kilowati 45, ni kama umewasha pasi 45 za umeme juu ya vichwa vya watoto wako. Rangi nyeupe iliyo safi inanyonya robo tu, au zaidi kidogo. Si joto lote linaloingia ndani, sehemu kubwa inachukuliwa na upepo, lakini bati la rangi nzito linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi, na likishafika hapo nalo linaanza kurusha joto kuelekea chini.

Hapo ndipo wengi wanapotea. Wanadhani joto la chumbani ni hewa ya moto, basi wanaongeza madirisha. Dirisha ni zuri, lakini ukikaa chini ya bati lisilo na dari unaungua utosi hata kama upepo unapita, kwa sababu bati linakupiga moja kwa moja, bila kusubiri hewa ipate moto. Dirisha haliwezi kuzuia hilo. Lazima ulizuie juu.

Kuna wanaosema, "Basi niache bati langu liking'aa, lisipakwe rangi." Ni ukweli nusu. Bati jipya la zinki hurudisha mwanga vizuri, ila lina kasoro: uso wa chuma kitupu hautoi joto lake kwa urahisi. Kile kidogo kilichonyonywa kinabaki palepale na bati linakuwa la moto kuliko unavyotarajia. Baada ya miaka michache mng'ao unafifia, kutu inaanza kwenye misumari, na unyonyaji unapanda. Rangi nyeupe ya maji, ile ya akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya mapaa, hufanya kazi mbili pamoja: inarudisha mwanga wa jua na inaachia joto. Krimu isiyokolea nayo inafaa. Bati la aluzinki lina maisha marefu kuliko la zinki tupu, maana mipako yake ni aluminiamu asilimia 55, zinki kama 43 na silikoni kidogo, lakini kwa habari ya joto nalo nalipaka.

Pingamizi la nyeupe nalijua. Mama mmoja wa Malaba aliniambia, "Fundi, unataka nyumba yangu ifanane na zahanati?" Tulikubaliana krimu. Pingamizi la kweli zaidi ni vumbi. Barabara zetu za murram, ule udongo wa changarawe, zinatimua vumbi jekundu, na paa jeupe lililo kando ya barabara linageuka waridi kabla kiangazi hakijaisha. Vumbi linapunguza kazi ya rangi. Mvua kubwa ya kwanza inaosha sehemu, na ufagio laini wenye maji ya sabuni unamaliza. Fanya hivyo mara moja kwa mwaka, mwisho wa kiangazi, kabla hujaelekeza maji kwenye tangi.

Kupaka kwenyewe si kazi ngumu, lakini ina adabu zake. Osha bati, kwangua kutu, badilisha misumari iliyolegea na raba zake, paka rangi ya kwanza inayoshika zinki, kisha nyeupe mara mbili. Bati jipya kabisa lina mafuta ya kiwandani. Usipoliosha vizuri rangi itabanduka vipande vipande. Na tafadhali msipake chokaa. Naona watu wakiletewa mifuko ya chokaa ya Muhokya huko Kasese, wanaikoroga na chumvi na kuimwaga juu ya paa kwa sababu ni rahisi na inang'aa siku ya kwanza. Ukutani chokaa ni rafiki. Juu ya bati, ikiloa, ukali wake unakula zinki na aluminiamu, na mvua inaisafirisha yote mpaka kwenye tangi la maji. Umeokoa rangi, umepoteza bati.

Sasa hewa na dari. Kati ya bati na dari kuna chumba ambacho hakuna anayekilipia kodi isipokuwa popo. Kikifungwa kabisa kinajaa hewa ya moto inayoendelea kupasha dari hadi saa mbili usiku. Acha matundu chini, kando ya fasia, na mengine juu kwenye pembetatu za kuta au chini ya kofia ya paa. Hewa ya moto itapanda na kutoka yenyewe, na ya baridi itaingia. Kila tundu lizibwe kwa wavu wa chuma wenye macho madogo. Sisemi hivi kwa ajili ya usafi wa kawaida tu: nimefungua dari zilizopinda kwa uzito wa kinyesi cha popo, na harufu ile haitoki kwa sabuni. Mafundi wengi, wakiogopa popo, wanaziba matundu kwa saruji. Wavu ungemaliza shida zote mbili.

Ile karatasi ya fedha, foili, inauzwa sana siku hizi na inafungwa vibaya sana. Foili haizuii joto kwa unene wake. Inafanya kazi kwa sababu uso wake unaong'aa haurushi joto. Ili isirushe, uso huo lazima utazame hewa, walau sentimita mbili na nusu. Ukiibana kati ya bati na dari, vitu vitatu vikigusana, foili inakuwa kipande kingine cha chuma. Ilaze juu ya kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) kabla ya papi (mbao zinazopigiliwa bati), ilegee kidogo, na uso unaong'aa utazame chini ili vumbi lisiutulie.

Dari yenyewe: jipsamu, mbao nyembamba, plastiki, au mikeka ya mafunjo ambayo wazee wetu walitumia na sisi tukaidharau. Mafunjo yamejaa hewa ndani ya shina, yanazuia joto vizuri kuliko dari ya plastiki inayong'aa kama bafu. Yanataka dawa ya wadudu na yawe mbali na moto. Moto ndio udhaifu wa vitu vyote vya mimea; makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, yaliyoezekwa nyasi, yaliungua tarehe 16 Machi 2010 na nchi nzima ilishuhudia. Lakini mzee wa Soroti anayelala kwenye nyumba ya nyasi mchana hahitaji somo langu. Nyasi nene ina hewa ndani yake na inafanya mchana kile ambacho bati haliwezi. Vigae vya udongo vya Kajjansi navyo ni vizuri, hewa inapita chini yake, ila vina uzito wa kilo 40 au zaidi kwa kila mita ya mraba wakati bati ni kilo tatu mpaka tano. Usiviweke juu ya kenchi zilizopimwa kwa bati.

Kisha kivuli. Ongeza urefu wa paa nje ya ukuta, sentimita 60 hadi 90, na upande wa magharibi jenga baraza. Ukuta wa magharibi ndio unaopikwa jioni na kukurudishia moto wakati wa kulala.

Sasa niseme jambo ambalo linanichosha katika mazungumzo ya nyumba za kijani, yaani zinazojali mazingira. Tunachukua hesabu za nchi zenye viyoyozi na kuzileta hapa. Kule paa jeupe linapunguza bili ya umeme na moshi wa mitambo ya makaa ya mawe. Kwetu umeme mwingi ni wa maji: Nalubaale, Kiira, Bujagali, Isimba, na sasa Karuma yenye megawati 600. Nyumba nyingi hazina kiyoyozi. Paa jeupe litakupa usingizi, litaipa friji nafuu na kupunguza feni, na tokeni za yaka, ule umeme wa kulipia kabla, zitakaa siku chache zaidi. Moshi utakaopungua ni mdogo. Uharibifu wa nyumba ya Uganda uko kwenye kuta na jikoni. Uko kwenye tanuri la matofali.

Tembea vijijini utaona yale matanuri ya kienyeji, matofali yamepangwa kama mlima mdogo, matundu chini, magogo yanawaka usiku kucha. Joto jingi linapotea hewani, tofali za pembeni zinatoka mbichi, za katikati zinaungua mpaka kupinda, na sehemu ya mzigo inatupwa. Udongo mara nyingi umechimbwa kinamasini. Mota ya saruji ya kuungia na plasta ya kufunika kasoro zinataka mchanga, na mchanga nao unatoka mahali kama Lwera, ambako uchimbaji umeumiza kinamasi kando ya barabara kuu. Mwaka 2023 amri ya rais ilipiga marufuku biashara ya mkaa kaskazini. Juu ya kuni za matofali sisikii kelele kama hizo.

Kwa hiyo mteja akiniuliza afanye nini kwa mazingira, namwambia aanze na tofali la udongo na saruji linalokandamizwa kwa mashine ya mkono, lile linalofungamana. Halichomwi. Murram yenye mchanga kiasi, saruji asilimia tano hadi kumi kulingana na udongo, maji kidogo, kandamiza, funika, mwagilia angalau wiki moja, acha likomae siku 28. Yanajipanga yenyewe, yanakula mota kidogo sana ya kuungia, na ukuta ukinyooka unaweza kuuacha bila plasta. Udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi haufai. Pima kabla ya kukodi mashine. Na kizuizi kikubwa ni vijana wasiofundishwa wanaoharakisha na kuyajengea yakiwa na siku tatu. Hapo ukuta unamomonyoka na watu wanailaumu teknolojia.

Maji na jua kwa kifupi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo lile paa la mita 60, mahali penye milimita 1,200 kwa mwaka, linapokea lita 72,000, na hata ukipoteza sehemu ya tano kwenye gata unabaki na zaidi ya 57,000. Weka bomba la kumwaga maji ya kwanza yenye vumbi na kinyesi cha ndege. Paneli za sola nazo zinachukia joto: kila nyuzi moja juu ya 25 inakula karibu asilimia 0.4 ya nguvu yake. Zinyanyue sentimita kumi au kumi na tano juu ya bati ili hewa ipite chini, na uziinamishe nyuzi kumi hivi hata kama Ikweta iko karibu, ili mvua izioshe.

Walioniandikia kutoka Kabale, kule milimani kwenye baridi, yote niliyosema juu ya rangi msiyafuate. Usiku wenu unashuka hadi karibu nyuzi kumi, na tatizo lenu ni joto linalotoroka na unyevu unaogeuka matone chini ya bati tupu kisha kudondoka kitandani alfajiri. Pesa ya rangi nyeupe iwekeni kwenye dari nene. Dari hiyo ifungwe vizuri kingo zote, taa zisitobolewe ovyo, na matundu ya hewa yabaki juu ya dari, si chini yake.