Adam Smith hakuhubiri ubinafsi

Wengi huamini uliberali, yaani falsafa inayotetea uhuru wa mtu binafsi, umejengwa juu ya ubinafsi: kila mtu avutie kamba kwake, soko litapanga mengine. Anayetwishwa lawama hiyo ni Adam Smith wa Uskoti, na kwa kweli anaonewa. Smith alikuwa profesa wa falsafa ya maadili mjini Glasgow. Kitabu chake cha kwanza, cha 1759, kinaanza kwa kusema kwamba hata mtu tumdhanie mbinafsi namna gani, ana kitu katika maumbile yake kinachomfanya ajali furaha ya wenzake.

Kitabu chake maarufu zaidi, Utajiri wa Mataifa, kilifuata 1776. Ndiyo, humo anasema mchinjaji hatuuzii nyama kwa hisani. Lakini hapo anaeleza biashara inavyofanyika, hasemi tuishi bila huruma. "Mkono usioonekana", yaani wazo kwamba anayetafuta faida yake huweza kuinufaisha jamii bila kukusudia, umetajwa humo mara moja tu, ilhali wafanyabiashara wanaokula njama kupandisha bei anawashutumu waziwazi. Na katika toleo la 1790 la kile kitabu cha kwanza, mwaka aliofariki, aliongeza sura nzima inayoonya kwamba kuwatukuza matajiri na kuwapuuza maskini kunaozesha maadili yetu.