Kuteguka kwa pia ya goti la mbwa: maana yake na namna inavyotibiwa

Mbwa anakimbia uani vizuri tu, mara anakunja mguu mmoja wa nyuma. Anarukaruka kwa mitatu hatua chache, anaunyoosha ule mguu kwa nyuma, kisha huyo, anaendelea na mbio zake. Halii. Mwenye mbwa anasema kachomwa mwiba. Yawezekana, lakini ikijirudia kila wiki kwa mguu uleule, na mbwa mwenyewe ni wa umbo dogo, cha kushuku kwanza ni pia ya goti.

Pia ni kile kimfupa cha mbele ya goti. Kwa mbwa kipo kwenye miguu ya nyuma, kimeshikwa ndani ya kano ya misuli mikubwa ya paja, na hupanda na kushuka ndani ya mfuo uliopo mwishoni mwa mfupa wa paja. Ni kama kamba ya tanga kwenye kapi: ikichupa pembeni, vuta utakavyo, tanga halipandi. Pia ikitoka mfuoni, misuli ya paja inashindwa kulinyoosha goti, na mbwa anabaki ameukunja mguu.

Mara nyingi hutoka upande wa ndani, na mara nyingi hakuna ajali yoyote. Mbwa amezaliwa na mfuo usio na kina, au mfupa wa paja na wa muundi haviko kwenye mstari mmoja, hivyo kano inaivuta pia pembeni. Hali hii hurithiwa, na wanaoongoza ni vijibwa kama Pomeranian, Chihuahua na Yorkshire Terrier, wale wanaobebwa kutoka Dar es Salaam kuja kufugwa Shangani, hapa Mtwara. Mbwa wa kienyeji anayefukuza ngedere na nguruwe pori mashambani Tandahimba au Nachingwea akianza kuchechemea, mimi ningeuliza kwanza habari ya bodaboda, mtego, nyonga iliyotoka au kano ya ndani ya goti iliyokatika.

Daktari wa mifugo hahitaji mashine kuigundua. Anamlaza mbwa ubavu, mkono mmoja juu ya goti, mwingine umeshika chini ya mguu. Anaunyoosha mguu, anaugeuza wayo kwa ndani, halafu anaisukuma pia taratibu kwa dole gumba. Kwa anachokihisi hapo anapanga daraja. La 1, pia hutoka ikisukumwa tu, na ikiachiwa inarudi. La 2, hutoka yenyewe mbwa akitembea, na hurudi mguu ukinyooshwa. La 3, iko nje muda mwingi. Ukiirudisha inatoka tena. La 4, iko nje moja kwa moja na haikubali kurudi. Mbwa wa daraja hilo hutembea amechutama. Picha ya eksirei huja baadaye, kuonyesha mifupa imepinda kiasi gani.

Sasa tiba, na hapa ndipo watu wa kwetu tunapopotea, maana kwa kukanda hatujambo. Kuirudisha pia si kazi ngumu. Kazi ni kuifanya ikae, na kama mfuo hauna kina, maji ya moto na bandeji havitauchimba. Baya zaidi ni vidonge vya binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni huweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo. Zipo dawa za maumivu za mbwa. Aandike daktari kwa kupima uzito.

Daraja la 1, na la 2 lisilomsumbua mbwa, kwa kawaida halipasuliwi. Hupunguzwa unene, hutembezwa kwa mwendo wa kawaida ili misuli ya paja ikaze, na huchunguzwa tena baada ya muda. Mabaki ya wali wa nazi yakome, samahani bibi.

Anayechechemea mara kwa mara, na wa daraja la 3 na la 4, hufanyiwa upasuaji. Mfuo huongezwa kina. Kipande cha mfupa wa muundi kinaposhikia kano hukatwa, kikasogezwa pembeni na kufungwa kwa pini ili mvuto unyooke. Utando wa upande uliolegea hukazwa, wa upande uliokaza huachiwa. Daraja la 4 laweza kudai hata mfupa wa paja ukatwe na kunyooshwa. Mtoto wa mbwa ambaye pia yake haikai kabisa asisubirishwe mpaka akue, kwa sababu mifupa inazidi kupinda kadiri anavyokua.

Kazi hii si ya kufanyiwa barazani. Inataka usingizi wa dawa na mpasuaji aliyezoea mifupa, kwa hiyo muulize daktari wako wa wilaya akupe rufaa. Hospitali ya mafunzo ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine iko Morogoro, na kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam peke yake ni zaidi ya kilomita 500. Panga usafiri mapema. Si kila kondakta atakubali mbwa ndani ya basi.

Akirudi, wiki 6 hadi 8 ni za kamba shingoni na hatua fupi, hakuna ngazi wala kuruka kochi. Asipandishwe kuzaa. Na goti la pili lipimwe hata kama hachechemei, kwa kuwa mara nyingi yote mawili huwa na hitilafu ileile.